Duka la Mbegu

Dhehebu letu zima laweza kupanda basi moja la shule
na viti vya nyuma vikabaki vitupu.
Parokia nne, askofu mmoja, mapadre watatu;
wa nne alirudi kwa mkewe na kwa Wabaptisti.

Hapa Nebraska tunasali palipokuwa duka la mbegu.
Juu ya mlango rangi ya kijani bado yasomeka: MAHINDI, MTAMA,
na Askofu Orrin amekataza isifutwe.
Jumatatu hadi Ijumaa yeye hutengeneza majokofu.
Jumapili mikono ileile, yenye makovu ya waya,
huinua kikombe juu, juu kuliko walivyopenda babu zetu,
na kengele inalia: ile ya kaunta, tuliyoikuta humu.

Luther tunaye. Yuko ukutani, mashavu manene,
na mkabala naye Bikira wa plasta, aliyekatika kidole,
tuliyemnunua mnadani kwa dola kumi na mbili
parokia ya Wakatoliki ilipofungwa kule mtoni.
Wawili hao hutazamana wiki nzima gizani.
Sijui huambiana nini.

Walutheri wa mjini hutuita popo:
ndege si ndege, mnyama si mnyama.
Wakatoliki hawatuiti kitu. Hutupungia mkono kwenye kituo cha mafuta.
Tuliandika barua Roma. Ikajibiwa baada ya miezi kumi na tisa,
karatasi nzito, muhuri,
na maneno matamu yasiyosema njoo wala nenda.
Ardis Koepsel aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaifanya alamisho katika katekisimu yake.
"Anayengoja mlangoni," akasema, "angalau mlango anao."

Sasa, Verlyn Stuhr.
Verlyn alivumilia uvumba, na pumu anayo.
Alivumilia kasula, mishumaa, kupiga magoti kwenye saruji
kwa magoti yake yaliyolika na trekta.
Lakini kuombea wafu? Hapo alisimama kama nguzo.
Mti ulipoangukia, alisema, ndipo utakapolala.
Kila tarehe mbili Novemba alikaa nje ndani ya pikapu,
injini ikinguruma, akiota joto,
mpaka majina yaishe.
Miaka saba. Na mkewe Lorna yumo ndani, ndiye msomaji wa orodha,
kwa ile sauti yake ya karani wa benki.

Lorna tulimzika Agosti,
mahindi yamewapita kimo wabeba jeneza.

Mwaka huu theluji iliwahi, nyembamba kama unga uliomwagika.
Tulikuwa kumi.
Orodha nilipewa mimi, na jina lake sikuliandika.
Pikapu niliisikia nje;
nikaona haya kumwombea mke wa mtu
na mwenyewe ananguruma nyuma ya ukuta.

Nikasoma. Alvina. Gerhardt. Mtoto wa Tveit, asiyewahi jina.
Injini ikazimika.
Kengele ya mlango, ile ya wateja, ikalia.
Akaingia kofia mkononi, theluji mabegani,
akasimama pale walipokuwa wakipimia mbegu
(mzani upo bado, hatujapata wa kuung'oa).
Hakupiga magoti. Hakunitazama.
"Lorna Jean Stuhr," akasema kwa ukali,
kama mtu anayedai chenji yake.

Askofu hakutaja Augsburg, hakutaja Roma.
Aliweka kiganja juu ya altare, kama anavyogusa jokofu
kusikiliza kama bado linapumua.
Ardis akaanza: Bwana, utuhurumie,
nasi tukaitikia, na safari hii tulikuwa kumi na mmoja.

Baadaye, kwenye kahawa, Verlyn alilalamika moshi umezidi.
Akaniomba ile karatasi, akaigeuza huku na huku.
Mwakani, akasema, ipigwe chapa.
Mwandiko huu Lorna asingeweza kuusoma.