Picha ya Jicho la Kushoto

Nilidhani ni gazeti.
Nilidhani wachapaji wamebania wino
kwenye pembe ya chini, upande wa kushoto,
nikamlaumu muuza magazeti wa Makadara
hadi asubuhi ile Syombua aliponisemesha
nami nikaona paji, nikaona macho, nikaona pua,
na pale penye kinywa
pamekaa wingu la rangi ya majivu
likiniuliza kama nimekunywa chai.

Mjukuu wangu Mumbe akanishika kiwiko.
Kliniki ya Ngara, benchi moja, wazee kumi na wawili
tumeinua nyuso kama makinda, tunatiwa matone.
Mboni zikatanuka. Dirisha likageuka maziwa.
Daktari Halake akanifunga mkono kwa kile kitambaa,
akakijaza upepo, akasikiliza, akanyamaza,
akakijaza tena.
"Mia moja tisini na mbili kwa mia na nane.
Mzee, dawa unakunywa?"
Nikasema, nilikuwa nikinywa.
Lile "nilikuwa" alilisikia.

Kisha akanionyesha picha:
duara la rangi ya chungwa, na matawi mekundu ndani yake.
"Hapa tu," akasema, "katika mwili mzima,
ndipo ninapoiona mishipa bila kushika kisu."

Nami niliyefukua barabara za jiji hili miaka thelathini na mmoja,
Jericho, Kaloleni, Mbotela,
niliisoma ramani ile kabla hajafungua kinywa.
Mshipa umekakamaa, unang'aa kama waya wa shaba.
Pale mgumu unapopita juu ya mlaini
umeukalia, umeubana kiuno,
damu imepanga foleni nyuma yake kama akina mama na mitungi.
Pale umepasuka: wekundu mwembamba, mwali wa kibiriti.
Na vile vidoa vyeupe, kama pamba iliyochambuliwa,
ni mitaa isiyofikiwa na maji.

Presha haipendi kupasua bomba mchana.
Mchana kila mfereji u wazi, jiji linafua, linapika, linaosha magari.
Ni usiku, watu wamefunga,
maji yamekosa pa kwenda
yakaanza kusukuma kuta.
Nilikuwa nikitoka saa nane na fimbo ya chuma,
ncha moja ardhini, ncha moja sikioni,
kuisikiliza lami.
Bomba linalovuja husema sss,
kama mtu anayezuia neno.
Nililisikia la kila mtaa.
La kwangu sikulisikia.

Kwa sababu halikuuma, daktari.
Kichwa hakikugonga, moyo haukwenda mbio.
Vidonge viliisha Januari, karo ya Mumbe nayo ikabisha hodi,
nikajiambia mtu hapalilii shamba lisilo na magugu.
Chumvi niliinyunyiza juu ya muthokoi
hata kabla ya kuonja.

Hakunikemea.
Alisema damu iliyomwagika, mwili huenda ukainywa, polepole,
wingu likapungua. Huenda lisiishe.
"Lakini mabomba yaliyobaki, mzee, tuyalinde."
Alisema tuyalinde,
kana kwamba naye atatoka usiku na fimbo.

Nje, jua likanipiga kofi:
mabati, vioo, kila kitu kilikuwa kinachomelewa.
Mumbe akanivika miwani yake yenye maua pembeni.
Vijana wa mitumba wakacheka.
Nikawauliza, bei gani?

Sasa ni usiku. Nimemeza kimoja cheupe na nusu ya cha manjano,
Syombua amevihesabu kwa sauti, kinywa chake nikakisikia.
Amelala.
Nami nimelalia sikio,
na humo ndani ya mto nasikia pigo, halafu pigo,
maji ya mtu mmoja yakizunguka nyumba yake.
Saa nane bado.
Nasikiliza kama kuna sss.