Herufi Kumi na Sita za Bure

Mwalimu Chidawali alilileta lori Kizota Jumatatu asubuhi,
Fuso kuukuu, limepigwa msasa mpaka likaona haya,
akaniuliza bei ya herufi moja.
Elfu moja, nikasema, na kivuli chake mia tano.
"Kivuli sitaki. Jua la Dodoma linatosha."

Mimi nilikuwa nimeshachora akilini:
simba mlangoni, ndimi za moto ubavuni,
jina la shule limechanua kama mkia wa tausi.
Akatikisa kichwa.
"Hili si gari la harusi, fundi.
Lipake njano, njano ya kukera macho.
Nyeupe hapa haifiki Ijumaa,
vumbi la Nala litaigeuza udongo,
na basi la Singida likitokea nyuma
halitajua lipi gari, kipi kichuguu."

L akaitaka mbele na nyuma,
nyekundu, pana kama sinia la wali.
"Asiyeiona hiyo
akapimwe macho."

Nikapanda ndani kubandika magazeti kwenye vioo,
na humo ndimo nilimomsoma yule mzee.
Vioo vya pembeni vinne: viwili vya mwanafunzi, viwili vyake,
na kimoja kidogo, cha saluni, kimefungwa kwa waya.
"Hicho hakitazami barabara," akasema kutoka chini.
"Kinamtazama yeye. Woga huanzia midomoni."

Upande wa kushoto, breki ya pili.
Mpira wake umelika pembeni mpaka chuma kinang'aa.
Nyuma ya kiti kabari mbili za mninga,
mtungi wa kuzimia moto, tarehe yake bado mbichi,
pembetatu za kuweka barabarani,
sanduku la huduma ya kwanza.
Nikalifungua, sikatai, mimi mdadisi:
bendeji, spiriti, mkasi,
na pipi za tangawizi kwa wanaotapika.

Bodi nalo halikuwa tupu. Mifuko ya mchanga,
imepangwa kama mahindi ya ghala la Kibaigwa.
"Lori tupu ni rongo," akasema.
"Linamwambia mtoto kwamba breki ni kugusa tu.
Siku anapakiwa alizeti tani kumi,
anaanza kuteremka Sekenke..."
Akainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa tayari.
Sikumuuliza ni nani.

Mwisho akanionyesha ubao wa nyuma.
"Hapa niandikie: NISAMEHE, NAJIFUNZA."
Herufi kumi na saba. Akahesabu noti, akaenda kunywa chai.

Brashi ilikuwa bado na rangi,
na maneno yale, kwa sikio langu,
yalikuwa yamesimama kwa mguu mmoja.
Bibi yangu alikuwa akighani mashairi usiku kucha;
nusu ya mstari siwezi kuiacha nje ilale na njaa.
Nikaongeza chini yake:
NA WEWE ULIJIFUNZA.

Akarudi, akasimama hapo, andazi mkononi.
Akasoma. Akasoma tena.
"Hizo sizilipi."
"Sijakudai, Mwalimu."
Akazunguka kukagua taa.
Ya breki ya kushoto ilikuwa haiwaki.
Akaipiga ngumi, ikawaka,
akaniambia haitoshi, kesho ataileta kwa fundi umeme.

Sasa huliona likipita mbele ya kibanda changu.
Jana alikuwa Perusi, yule binti wa Kikombo,
kiti kimevutwa mbele, mto wa kitenge mgongoni,
kilomita ishirini kwa saa,
na msururu wa magari nyuma yake mpaka kwenye kona.
Honi zinalia. Halafu aliye karibu ananyamaza,
kisha anayemfuata,
kadiri kila mmoja anavyofika pa kusoma.
Si wote. Basi la Singida lililia mpaka likapotea.

Mimi nilikuwa natazama L ya nyuma.
Niliipinda kidogo, upande wa kulia.
Hakuna aliyewahi kusema neno,
lakini kila ikipita, inaniuma.