Pigo la Nne

Daftari langu, mbele ni vipimo:
kifua thelathini na nane, kiuno, urefu wa mkono.
Nikilipindua, nyuma ni maoni yangu
juu ya bendi ambazo hata mama zao
hawayajui majina yake.

Huja hapa Majengo kupunguziwa suruali,
wakaniachia filashi badala ya salio.
"Sikiza, Bi Mwanakheri, utwambie ukweli."
Ukweli, wanangu, hauna chenji.

Nimeanza na Waya Wazi. Albamu: *Stima Imerudi*.
Nyimbo kumi na moja, magitaa manne
yagombania mlango mmoja.
Mwimbaji ana sauti ya kuazima,
apinda maneno kama aliyelelewa ng'ambo,
nami ndimi niliyemshonea kaptula ya shule,
naujua uchochoro wake, Guraya.
Ila wimbo wa sita! Gitaa lasimama pekee,
jirani akohoa ndani ya rekodi,
nao wamemwacha akohoe.
Huo niliurudia mara tatu. Chapati ikaungua.

Kisha ndugu wawili wa Makupa,
wasichana, wajiita Chumvi ya Mawe.
*Nyumba ya Kupanga* ni laini, kinanda na vidole.
Kila wimbo una pindo safi, hakuna uzi unaoning'inia,
na hapo ndipo waliponishinda:
nguo isiyo kunyanzi hajaivaa mtu.
Niliandika: nzuri.
Nikakata. Nikaandika: nzuri mno.
Wa tatu tu ndio wenye jasho,
ule mwenye nyumba anapogonga
nao wazima taa, wacheka wameziba midomo.

Kokoto nikawaweka mwisho.
Albamu haina jina, jalada ni kijivu kitupu.
Besi nzito kama gunia la saruji, vizuri,
gitaa lakwaruza, vizuri,
lakini mpiga dramu!
Moja, mbili, tatu, kisha shimo.
Moja, mbili, tatu, shimo.
Nikaandika kwa herufi kubwa:
HUYU HAJUI KUHESABU. AENDE SHULE.
Kiongozi wao, Mwatela, akaisoma amesimama,
akashukuru, akalipia zipu yake, akaenda.

Jumatano mifereji ikakauka, kama desturi ya Jumatano.
Nikamngoja Ngumbao na mkokoteni,
mitungi ishirini ya manjano.
Miaka miwili aniletea maji,
na sijamwuliza neno ila bei.
Nikamsikia tangu kona ya msikiti:
ko, ko, ko,
na pale mpira wa gurudumu ulipobanduka,
kimya.
Ko, ko, ko.
Kimya.

Mguu wangu ukaganda juu ya cherehani.
"Ngumbao, wewe wapiga dramu?"
Akajifuta uso kwa fulana. "Kidogo. Usiku."
"Na Kokoto?"
"Ndio sisi." Akautua mtungi polepole, usimwagike.
"Ulisema niende shule. Nimeshauliza karo."

Sikujua kama ni mzaha. Yeye hakucheka.
Nikampa pesa zake, akazihesabu,
moja, mbili, tatu, nne,
akanitazama.

Usiku nikaiweka tena, taa nimezima,
joto limekaa chumbani kama mgeni asiyeaga.
Moja, mbili, tatu,
na mguu wangu wa kulia, bila kuulizwa,
ukaliongeza lililobaki.
Wimbo mzima hivyo. Albamu nzima.
Nikaona haya, peke yangu, gizani,
nikaendelea kupiga.

Asubuhi sikufuta. Wino ni wino.
Nimeongeza chini: kuhusu dramu nilikosea.
Wimbo wa nane ungali mrefu,
na Mwatela apunguze kulia, hajafiwa.

Halafu nikalipindua daftari.
Wana onyesho Jumamosi, ukumbini Tononoka,
nami nimejitolea shati moja.
Ngumbao: kifua thelathini na sita.
Shingo kumi na tano.
Bega la kulia limeshuka, lashinda kuvuta.
Lisisawazishwe.