Mtindi wa Konde

Mjukuu wangu Arafa ananisomea kopo la yogati,
miwani nimeisahau juu ya msala.
"Maziwa," anasema. "Kisha sukari.
Kisha rangi. Kisha sukari tena, kwa jina jingine."
Mwenye duka hapa Wete anatutazama
kama watu waliokuja kukagua mizani.

Kopo la waridi, lina picha ya tunda
ambalo Pemba nzima hajalipanda mtu.
Tamu, sikatai. Hushuka kooni kama maneno ya mposaji.
Lakini juzi daktari alinidunga kidole,
akatazama namba, akanyamaza,
na kimya cha daktari husikika mbali.

Basi tukenda Konde, kwa Bi Time Shaame,
mwenye ng'ombe watatu na maneno machache.
Maziwa huyachemsha, huyaacha mpaka kidole kivumilie,
hutia kijiko cha mtindi wa jana,
hufunika kwa kanga kuukuu. Asubuhi yameshikana.
"Usiumalize wote," aliniambia.
"Wa jana ndiye mama wa leo."

Nikachota. Uchachu ukanikunja uso,
Arafa akacheka mpaka akakaa chini.
Kijiko cha pili, uso ukanyooka.
Cha tatu nikakikatia ndizi mbivu,
utamu ambao mgomba wake naujua.

Ila sitawadanganya.
Siku ya Idi nitalinunua lile kopo la waridi,
nitalila nimesimama nyuma ya duka,
polepole,
nilambe hata kifuniko.