Alama Nyekundu

Kila mwaka barafu ikianza kulegea
huchanja kondoo mia tatu kwa siku mbili:
goti shingoni, vidole vinakunja ngozi,
sindano inaingia, inatoka,
na Delgermaa, mke wangu, kopo la rangi mkononi,
anampaka kila mmoja mstari mwekundu mgongoni
tusije tukamrudia yule yule.
Sijawahi kutetemeka.
Majirani husema mkono wangu ni wa jiwe.

Jumanne niliwapakia wanangu kwenye pikipiki:
Temuge, miezi tisa, ndani ya koti langu,
kamasi zake zikinilowesha kifua;
Saruul, miaka minne, nyuma,
nimemfunga kiunoni mwangu kwa mshipi wa hariri,
mzigo usiojua kunyamaza.
Kilomita arobaini na tatu. Mto bado umeganda,
ila ukipita juu yake unausikia ukiguna
kama mtu anayejigeuza usingizini.

"Baba, tunakwenda kuchanjwa kama kondoo?"
"Kama kondoo."
"Na goti utaniwekea shingoni?"
Upepo ukanisaidia kutojibu.

Kliniki ya wilaya ni vyumba vitatu na jiko la makaa.
Benchi limejaa: bibi mwenye pacha, chupa ya chai ya chumvi,
koti za ngozi zinazonuka moshi na maziwa.
Pembeni jokofu dogo linanguruma.
Nikacheka. Nje baridi inapasua chuma,
na hawa wamenunua jokofu!
"Si la kuipoza dawa," akasema muuguzi Khorloo,
akipuliza viganja vyake vipate joto.
"Ni la kuizuia isigande."

Temuge akawa wa kwanza.
"Mshike paja. Legeza, legeza, si beberu huyo."
Paja lenyewe halikujaa kiganja changu,
na mkono wa jiwe
ukaanza kutetemeka.

Kati ya sindano na kilio kuna kimya.
Mdomo uko wazi, sauti haijafika,
chumba kizima kinaingoja.
Katika kimya kile nililiona tandiko la dada yangu Otgon,
dogo, la mbao, lenye vishikio kando asianguke.
Surua ilitufikia mwaka theluji ilipoziba njia.
Tandiko lipo hadi leo chini ya kitanda cha mama.
Farasi hajalivaa tena.

Kisha Temuge akalia,
akalia kwa mapafu yote mawili,
na sijapata kusikia kelele tamu kama ile.

Saruul hakulia. Aliitazama sindano ikiingia,
akaitazama ikitoka,
akageuza mgongo, akangoja.
"Rangi iko wapi?"
Khorloo hakuelewa, ikanibidi nieleze mbele ya benchi zima.
Bibi wa pacha akacheka hadi chai ikamwagika.
Muuguzi akaandika tarehe kwa kalamu ya buluu:
"Rangi yako hii hapa, kwenye kadi."
Binti yangu akaikagua kadi mbele na nyuma.
"Karatasi hupotea," akasema.

Jioni nilikuwa nje nikifunga zizi
niliposikia Delgermaa akipiga ukelele hemani.
Nikakimbia.
Temuge ameketi karibu na jiko, anachekelea,
mstari mwekundu umemshuka kutoka utosini hadi kisogoni.
Saruul naye, kwa kuwa mgongo wake haufikii,
amejipaka tumbo.
Rangi ile haitoki kwa sabuni.
Hutoka na sufu, wakati wa kunyoa.

Mama yao alifoka mpaka sauti ikamkauka,
kisha akageukia ukutani, mabega yakimcheza;
nilijua anacheka.

"Na wewe, baba, ulichanjwa?"

Nikafikiri. Kadi yangu sijapata kuiona.
Mwaka ule wa theluji nani aliandika nini?
"Sijui," nikamwambia.

Amesimama mbele yangu na brashi,
tone limeangukia zulia, la pili linajivuta,
na bado ananitazama,
jinsi ninavyomtazama kondoo
nisiyekumbuka kama nimemchanja.