Kona ya Shuka

Kijana wa mapokezi, Semhando, jina limebandikwa kifuani,
kanipa maji ya ndimu na kitambaa cha moto.
Sikujua kitambaa ni cha uso au cha mikono.
"Mara ya kwanza kufika kwetu, mama?"
"Kwa mlango wa mbele, ndiyo."

Akacheka, akidhani namtania.

Nyamvula mwanangu ndiye kalipa: siku mbili na usiku wake,
zawadi ya kustaafu. Miaka thelathini na nne ya chaki
pale Chumbageni, na kifua kinachokohoa cheupe mpaka leo.
"Ukapumzike, mama. Usiguse kitu."

Basi nipo ghorofani, Raskazone, chumba namba kumi na tisa.
Dari iko juu mno, ukiwaza jambo halirudi upesi.
Ukutani picha: Wajerumani na sharubu zao,
kisha mabwana wa mkonge na bilauri mkononi,
na pembeni kanzu nne nyeupe zisizo na vichwa.
Mpiga picha aliwakata shingoni.
Labda hakukusudia. Alipima nyuso zilizolipa.

Mama hayumo, hata kwa kanzu.

Mama alikuwa uani, chumba cha pasi,
mkaa ndani ya chuma, chuma juu ya pamba,
kovu mkononi lenye umbo la ndizi.
Mimi na miaka yangu saba nilipepea moto
na kushika ncha.
"Shika kona. Usivute. Kona haivutwi, hubembelezwa."
Na kila shuka lililopita kwake alilitia uzi mwekundu,
mshono mmoja tu, upande unaolaliwa na godoro,
mdogo kama alipouma mbu.
"Wa nini, mama?"
"Likipotea la mwenzangu, nisizuliwe mimi."
Hakuwa mtu wa mafumbo.

Jana nililala kama mgeni kwa dakika kumi.
Kisha nikashuka kitandani, nikapiga magoti,
nikainua godoro, pembe ya kwanza, ya pili,
mwanamke wa miaka sitini mwenye cheti cha ualimu,
natafuta uzi wa nusu karne
katika shuka la kiwanda lililonunuliwa juzi.
Ningejua. Nilijua.

Pembe ya nne ilikuwa na nukta.
Wino wa buluu. Kalamu ya kawaida, ya shilingi mia tano.

Asubuhi nikazunguka uani. Chumba cha pasi
sasa ni mahali pa kukandwa: mawe ya moto mgongoni,
mlangilangi unaelea bakulini, mishumaa mchana kweupe.
Bei ya saa moja sitamwambia Nyamvula.
"Humu mna joto zuri, mama," akasema binti wa zamu.
"Tangu zamani," nikajibu, nikatoka
kabla hajaniuliza tangu lini.

Saa nne akaja wa kutandika, Mwanamvua,
mkokoteni wake gurudumu moja linalia.
Nikamwonyesha ile nukta.
Akatazama mlangoni kwanza.
"Ni yangu, mama. Shuka likipotea tunakatwa wote.
Natia alama niliyotandika mimi,
wasinizulie."

Nilikuwa na noti mkononi, imekunjwa mara nne.
Ikawa nyepesi ghafla, kama tiketi ya basi lililokwisha kuondoka.
Nikampa hivyo hivyo. Akapokea hivyo hivyo.

Halafu akalirusha shuka jipya, likajaa hewa,
likashuka kati yetu polepole,
na mikono yangu ikawa imekwisha fika.
"Mama, acha, wewe mgeni."
"Shika kona," nikamwambia. "Usivute."

Jioni Nyamvula akapiga simu. Umepumzika?
Nimepumzika.
Hukugusa kitu?
Sikugusa kitu.