Penseli ya Kijani

Mwaka nilioajiriwa kituo cha misitu, Cheptais,
mkuu alinipa ramani, rula na penseli mbili:
kijani kwa mti,
kahawia kwa mahali palipokuwa na mti.
Ya kahawia niliichonga ikaisha kabla ya Pasaka.

Mlima ni mmoja. Ramani ndiyo iliyoupasua,
mstari ukapita mgongoni mwake
kama mshono wa daktari mwenye haraka.
Upande huu, hesabu yangu.
Upande ule, hesabu ya Nambozo, binti wa shangazi,
karani kama mimi, ila chini ya bendera nyingine.

Kila Agosti huvuka Lwakhakha, viatu mkononi,
maji yakimfika magotini,
na malewa ya moshi ndani ya jani la mgomba,
machipukizi ya mianzi ya huko juu kwao.
Nekoye huyapika kwa karanga.
Sisi huku tunafungua madaftari.

Miaka ya kwanza alinishinda.
"Wetu ungali mzito," alisema. "Tumbili mwenyewe hupotea."
Mimi nilikuwa na visiki, na mahindi katikati ya visiki,
na aibu niliyoiita takwimu za awali.

Kisha namba zangu zikaanza kupanda.
Msumeno ulipigwa marufuku. Miche ikaja kwa lori.
Mikaratusi ikasimama mistari kama watoto wa gwaride,
na jicho la angani, lisilopambanua mti na mti,
likaihesabu yote kuwa msitu.
Nilimwonyesha jedwali:
safu yangu ikipanda ngazi,
yake ikiteremka ngazi hiyo hiyo,
wamepishana katikati bila kusalimiana.
Nilitabasamu. Nakiri, nilitabasamu.

Hakubisha.
Alikwenda jikoni kumsaidia Nekoye,
akarudi na kipande cha mkaa,
akakigonga kwa ukucha. Kikalia kama chuma.

"Huu ulikuwa mti gani?"
Mkaa ni mkaa, nikasema.
"Mzeituni-mwitu. Kwenu uliisha tukiwa shule ya msingi.
Huu umevuka usiku,
magunia mawili kwa pikipiki,
pale pale ninapovukia mimi mchana."

Akakiweka juu ya daftari langu,
kwenye safu ya mwaka huu.

Nekoye akaita, chakula tayari.
Malewa yalikuwa machache, karanga nyingi.
Hakuna aliyeuliza.
Mvua ilikuwa ikipiga mlimani, pande zote mbili,
na usiku kucha tuliusikia mto
ukiburuta mawe, mwekundu, mnene,
kama mtu anayehama na vyombo vyake vyote.
Nambozo alilala siku mbili zaidi. Hapakuvukika.

Ripoti ilitakiwa Jumatatu:
nchi mbili, safu mbili, miaka ishirini.
Nilichora safu ya tatu, nyembamba,
katikati, penye mto.
Nilijaribu kijani. Nilijaribu kahawia.
Mwisho nikaijaza kwa kile kipande cha mkaa,
kidole kikawa cheusi hadi kwenye kifundo.

Imerudishwa leo.
Mkuu ameizungushia duara kwa wino mwekundu,
na pembeni ameandika, kwa mwandiko wake mzuri:
*Hii ni ya nani?*